Mjomba, hii safari ni ya nani?

Najua nimepotea. Kazi ilinibana, tena ile kazi ya kurekebisha msimbo ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi (mliowahi kuifanya mnanielewa), na kila nilipofungua ukurasa huu niandike, usingizi ulinishinda. Leo nimerudi, ila sina habari za lugha mpya ya programu wala simu mpya. Nina habari za bathdei. Naam, bathdei!

Mpwa wangu, bintiye dada yangu mkubwa, anatimiza miaka 16 mwezi wa Agosti. Yuko Gredi ya 10, si mtu wa maneno mengi, na kazi yake ni kuchora. Hachori watu, anachora majengo. Mwaka tulipompeleka Lamu alikaa barazani asubuhi nzima mbele ya mlango mmoja, akinakili nakshi zake, sisi wengine tukaenda kupanda mashua bila yeye. Sasa mamake ameamua kumpeleka Ulaya kwa siku kumi.

Kabla hujanuna, pesa hizo si za wizi. Dada yangu ni muuguzi, na amekuwa akiweka akiba kwenye chama kwa miaka minane. Mwenyewe alipokuwa na umri wa bintiye alibaki nyumbani siku wenzake walipoenda ziara ya shule Mombasa, kwa sababu ada ya safari haikupatikana. Hajawahi kusahau. Huwa anaitaja kwa mzaha, lakini anaitaja kila Krismasi, kwa hivyo unajua kwamba si mzaha.

Basi akanipigia simu. "Wewe ndiwe mtu wa kompyuta. Tupangie."

Akanitumia orodha: London, Paris, Amsterdam, Berlin, Prague, Rome, Barcelona. Miji saba, siku kumi. Nikauliza kama ana uhakika. Akasema: "Sisi hatutarudi tena. Tukienda, twende kote."

Hapo, msomaji, ndipo nilipokosea. Mimi ni mtu wa kompyuta kweli, na mtu wa kompyuta akipewa orodha ya miji, hafikirii safari, anafikiria hesabu. Kuna swali maarufu sana tulilosomeshwa chuoni: mchuuzi ana miji kadhaa ya kutembelea, aipange vipi ili atembee umbali mfupi zaidi? Linaonekana jepesi, lakini si jepesi. Miji saba inaweza kupangwa kwa njia 5,040. Ongeza mitatu tu iwe kumi, njia zinakuwa 3,628,800. Lakini kwa miji saba kompyuta haitoki hata jasho. Niliandika programu fupi ya Python jioni moja, nikaweka umbali, nikaiacha ijaribu njia zote 5,040. Kabla sijainua kikombe cha chai, jibu: London, Amsterdam, Berlin, Prague, Rome, Barcelona, Paris, kisha nyumbani.

Nilijiona bingwa. Nikaweka kila kitu kwenye lahajedwali lenye rangi: kijani treni, bluu ndege, manjano makumbusho. Amsterdam ilipata saa sita, kwa sababu ilikuwa njiani tu. Nikaweka pia vituo vitatu vya historia ya kompyuta, ikiwemo Berlin, ambako makumbusho ya teknolojia yana nakala ya Z1, mashine ya hesabu ambayo Konrad Zuse aliunda sebuleni kwa wazazi wake miaka ya 1930. Ukitazama utaona kichekesho chake: safari ya binti anayechora nyumba, ina makumbusho matatu ya kompyuta, na mimi mwenyewe hata sisafiri!

Nikaituma. Dada akafurahi. Mpwa wangu akasoma kimya kimya siku mbili, kisha akaniandikia sentensi moja: "Mjomba, hii safari ni ya nani?"

Nilidhani ni utovu wa adabu wa vijana wa siku hizi. Nikampigia nimkanye. Sikumaliza hata sentensi ya kwanza.

Akaniuliza kwa nini Amsterdam ina saa sita. Nikamweleza habari za njia fupi. Akasema yeye katika miji yote saba, mji aliotaka hasa ni ule. Alikuwa amesoma shajara ya Anne Frank. Anne alipewa daftari lile siku alipotimiza miaka 13, tarehe 12 Juni 1942. Ilikuwa zawadi ya bathdei. Hata mwezi haukuisha, familia yake ikajificha katika sehemu ya nyuma ya jengo la ofisi la babake, Prinsengracht nambari 263, mlango ukiwa umefichwa nyuma ya kabati la vitabu, kwa kuwa Wanazi waliokuwa wameikalia Uholanzi walikuwa wakiwasaka Wayahudi. Walikaa humo zaidi ya miaka miwili. Tarehe 4 Agosti 1944 wakakamatwa, na mapema mwaka 1945 Anne akafia katika kambi ya Bergen-Belsen akiwa na miaka 15.

"Mimi nitakuwa na 16," mpwa wangu akasema. "Yeye hakuifikia. Nataka niwe pale siku hiyo."

Nilinyamaza. Lahajedwali langu halikuwa na rangi ya jambo kama hilo.

Sasa niseme ninachotaka kusema, maana hii si hadithi tu. Maoni yangu ni haya: ukitaka kumpa kijana safari, usimpangie ratiba. Mpe mipaka, kisha mwache apange mwenyewe. Na mwambie kabisa kwamba kila mji anaouongeza ataulipia kwa saa, siyo kwa pesa peke yake.

Tuanze na saa, kwa kuwa hapo hesabu yangu inanisuta. Kuhama mji si kupanda treni tu. Ni kufungasha, kurudisha ufunguo, kutafuta kituo, kufika mapema, safari yenyewe, kutafuta hoteli mpya, na kukuta chumba hakijawa tayari hadi alasiri. Kwa haraka haraka weka saa tano. Miji saba ina mihamo sita, hivyo ni saa 30. Mtu aliye macho saa 15 kwa siku amepoteza siku mbili nzima akiburuta sanduku. Programu yangu ilipunguza kilomita vizuri sana. Saa hizo haikuziona, kwa sababu mimi sikuiambia kwamba zipo.

Katika kazi yetu tunasema mteja hajui anachotaka. Tunapenda kusema hivyo, hutufanya tujione werevu. Mara nyingi ukweli ni kwamba hatukumuuliza mteja, tulimuuliza anayelipa. Mara ngapi tumejengea ofisi mfumo mzuri kwa maagizo ya mkurugenzi, kisha karani wa kaunta anayeutumia kila siku akaendelea kuandika kwenye kijitabu? Hapa anayelipa alikuwa dada yangu. Mwenye bathdei hakuulizwa na mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza.

Na mji ule ule wa Amsterdam una kisa ambacho kila mwanafunzi wa kompyuta angefaa kukijua. Mwaka 1956 kijana mmoja wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, alikuwa akizunguka madukani na mchumba wake. Wakachoka, wakaketi nje ya mkahawa wanywe kahawa. Pale pale, bila kalamu wala karatasi, kwa kama dakika 20, akabuni kanuni ya kutafuta njia fupi kati ya miji miwili. Mfano wake ulikuwa kutoka Rotterdam kwenda Groningen. Aliichapisha mwaka 1959, na hadi leo inafundishwa katika kila darasa la kompyuta.

Ninatoa mambo mawili hapo. La kwanza, kanuni ya Dijkstra inakutafutia njia ukishaiambia unatoka wapi na unakwenda wapi. Haikuchagulii pa kwenda, na kwa nini unataka kwenda Groningen ni shauri lako. La pili, ile kahawa haikuwa kwenye ratiba ya mtu. Kama siku hiyo angekuwa na lahajedwali langu la rangi, angekuwa kwenye foleni ya makumbusho ya tano.

"Lakini siku hizi si unauliza tu akili bandia ikupangie?" Nimeulizwa hivyo na watu wawili. Nimejaribu. Ndani ya sekunde chache nikapata ratiba ya miji saba yenye maneno matamu, inakupeleka Louvre siku ya Jumanne. Louvre hufungwa Jumanne! Ila nisiicheke sana, kwa sababu hata ratiba yangu mwenyewe iliweka Louvre Jumanne. Aliyegundua ni mpwa wangu, kwa mbinu ya ajabu inayoitwa kusoma tovuti ya makumbusho.

Sasa tuje kwenye hoja ya dada, maana si hoja ya kijinga. "Hatutarudi tena." Anayeishi Brussels anaweza kwenda Paris asubuhi akarudi jioni, na asipoipenda, hajapoteza kitu. Sisi wenye pasipoti ya Kenya tunaomba ruhusa kwanza. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu tangu Juni 2024, na ukinyimwa hurudishiwi. Kijana wa miaka 15 analipa sawa na mamake, maana nusu bei ni ya watoto wa miaka 6 hadi wasiofika 12. Unatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya kazini, alama za vidole. Mtu aliyepita katika tundu hilo la sindano ana haki ya kutaka kuona kila kilicho upande wa pili.

Naielewa kabisa. Lakini naigeuza. Ikiwa ni mara moja tu maishani, ndiyo sababu hasa ya kutoitumia stesheni. Mwenye kwenda kila mwaka ndiye anayeweza kumudu kupita mji kwa saa sita, kwa kuwa mwakani atarudi. Sisi tusiorudi tunahitaji kukaa. Miaka ishirini kutoka leo mpwa wangu hatakumbuka kwamba alifika miji saba. Atakumbuka mahali alipopata muda wa kufungua daftari na kuchora. Nina ushahidi: ule mlango wa Lamu bado uko ukutani kwake, na sisi tuliopanda mashua hatukumbuki hata jina la nahodha.

Basi tulianza upya. Safari hii nikampa mpwa wangu mipaka minne, nikanyamaza (ilikuwa kazi!). Siku kumi, usiku tisa. Pesa hizi hapa, zote pamoja, akiongeza huku apunguze kule. Mama lazima awe na kitu chake. Na viza iwe moja.

Huo wa mwisho uliiondoa London palepale. Uingereza haimo katika Schengen na haijawahi kuwamo, hata kabla haijatoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Ukitaka kuiunganisha na Paris unahitaji viza ya pili, fomu ya pili, ada ya pili na kusubiri kwa pili. Familia nyingi hugundua hili zikiwa zimeshalipa hoteli. Mpwa wangu aligundua dakika ya kumi.

Alirudi baada ya wiki moja na karatasi moja tu. Miji miwili: Amsterdam usiku tano, Paris usiku nne. Kuingia kwa Amsterdam na kutoka kwa Paris, kwa sababu miji yote miwili ina ndege za moja kwa moja na Nairobi, hivyo hakuna haja ya kurudi ulikoanzia. Katikati, treni moja ya kasi ya kama saa tatu na dakika ishirini. Mhamo mmoja badala ya sita.

Na tazama alivyofikiri. Sheria ya Schengen inasema unaomba viza kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Usiku tano Uholanzi, nne Ufaransa: ombi likaenda kwa Waholanzi, bila utata wowote. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nimegawa siku kwa miji saba bila kujiuliza ombi litapelekwa wapi.

Alinishika na kosa lingine pia. Nilikuwa nimepiga bei ya pasi ya treni ya Interrail. Akaniambia kwa upole, "Mjomba, hiyo ni ya wakazi wa Ulaya. Sisi tungechukua Eurail." Kisha akaongeza kwamba hata hiyo hawaihitaji, kwa safari moja ya treni ya kasi pasi haina faida, tena treni kama hizo hudai malipo ya kuhifadhi kiti juu ya pasi. Nilikosa la kusema.

Sehemu iliyoniuma ni ya dada. Alitaka Rome. Ni Mkatoliki wa kweli, si wa sikukuu, na kwa miaka mingi ana picha ya Basilika ya Mtakatifu Petro kwenye simu yake. Mpango mpya hauna Rome. Mpwa wangu hakukwepa. Alimwambia mamake uso kwa uso kwamba Rome ingekula siku mbili na pesa za ndege nyingine, akamwonyesha hesabu, kisha akamwambia alichomwekea: Notre-Dame ya Paris, iliyoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, kuingia bure. Na tarehe 15 Agosti watakuwa pale, siku ya Kupalizwa Bikira Maria, katika kanisa lenye jina lake. Dada aliniambia baadaye kwamba alilia kidogo jikoni. Nikamuuliza kama ni kwa furaha au kwa Rome. Akasema, "Vyote." Sitaki kuwadanganya kwamba mpango mzuri haumgharimu mtu. Unagharimu. Tofauti ni kwamba huu tumeona nani analipa, na aliyelipa alikubali.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza. Chukua yanayokufaa:

1. Anza na pasipoti, si na hoteli. Inatakiwa ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, na iwe na kurasa mbili tupu. Ombi la viza unaweza kulipeleka hadi miezi sita kabla ya safari. Majibu kwa kawaida ni siku 15, lakini yanaweza kufika 45. Ukisubiri hadi Julai kwa safari ya Agosti, ni juu yako.

2. Mtoto chini ya miaka 18 anayesafiri na mzazi mmoja anahitaji cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwingine. Shemeji yangu alidhani ni mzaha. Si mzaha.

3. Tafuta kitu kimoja kisichokosekana, kifunge kwanza, vingine vizunguke hapo. Nyumba ya Anne Frank haiuzi tikiti mlangoni, ni mtandaoni tu. Kila Jumanne saa nne asubuhi ya kule hutolewa tikiti za wiki ya sita mbele. Na msisahau saa! Kiangazi Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa moja, wakati wa baridi ni saa mbili. Kwa hiyo kwetu ilikuwa saa tano asubuhi. Waandishi wa programu mnajua ni mifumo mingapi imelala chini kwa sababu ya saa moja.

4. Uliza umri kabla ya kulipa. Louvre haitozi mwenye chini ya miaka 18, awe raia wa wapi, na Makumbusho ya Van Gogh vilevile. Mama, kwa kuwa anatoka nje ya Ulaya, atalipa Louvre yuro 32, bei iliyoanza Januari 2026. Lakini hata kama ni bure, weka nafasi ya saa yako mapema.

5. Pesa taslimu si mfalme kule. Mabasi na tramu za Amsterdam hazipokei noti wala sarafu. Unagusisha kadi ya benki mlangoni, ukipanda na ukishuka. Na soketi zao si zetu, zina matundu mawili ya mviringo, kwa hivyo nunua adapta hapa Nairobi kabla simu haijazima ugenini.

6. Acha siku moja tupu. Mpwa wangu ameacha moja bila kitu, ameandika tu "kuchora". Nyumba za kule kando ya mifereji ni nyembamba, nyingine zimeinama, na juu kabisa zina ndoano za kuvutia mizigo kwa kamba kwa kuwa ngazi za ndani ni finyu mno. Jua la Agosti huzama karibu saa tatu usiku. Kwa sisi tuliozoea giza la saa moja, hiyo ni kama kupewa siku ya nyongeza bure.

Najua pia kuna wanaosoma wakisema: mbona Ulaya? Lamu haitoshi? Turkana je? Mnasema kweli, na mimi mwenyewe ningeanza na Turkana. Lakini hilo ni shauri la mwenye bathdei na mwenye pesa. Ninachosema kinafaa hata kama safari yako ni ya matatu hadi Kisumu na kurudi. Mwambie kijana wako: tuna siku mbili, tuna shilingi hizi, nyanya yako lazima aonwe, haya panga. Halafu zuia mkono wako. Atakosea mahali, bila shaka. Wangu alikuwa amesahau kabisa kuhesabu chakula! Siku kumi, watu wawili, hakuna hata mkate. Ilibidi hoteli ya Paris iliyokuwa karibu na mto ibadilishwe na ya mbali, na akaibadilisha mwenyewe, akinung'unika. Kosa kama hilo kwenye karatasi ni bei rahisi. Mwaka ujao au unaofuata ataanza kupanga mambo makubwa kuliko safari, na huko hatutakuwepo na lahajedwali.

Viza zilitoka. Na Jumanne ile ya tikiti tulikaa sebuleni kwa dada, simu tatu na tarakilishi yangu, kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Saa tano kamili kila mtu akabonyeza. Mimi niliandika programu ndogo ya kufungua ukurasa upya ikifika sekunde ile, nikajigamba. Programu yangu ikakwama kwenye foleni. Aliyepata ni mpwa wangu, kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, kwa kidole. Tikiti mbili, siku ya bathdei yake, saa tatu na nusu asubuhi. Hakupiga kelele. Aliweka simu mezani akaitazama.

Jambo la mwisho. Nilipofungua tena ile karatasi yake moja niliona mstari ambao sikuuona mwanzoni, siku ya pili ya Paris: "Musée des Arts et Métiers, saa mbili." Ni makumbusho ya ufundi. Huko wana Pascaline, mashine ya kujumlisha ambayo Blaise Pascal alianza kuiunda mwaka 1642, akiwa hata hajafika miaka 20, ili kumsaidia babake aliyekuwa akihangaika na hesabu za kodi. Nilimuuliza kwa nini ameirudisha na aliyafuta makumbusho yangu yote ya kompyuta. Akasema ameona picha yake, magurudumu yake yana mistari mizuri, atanichorea.

Haya, tuambiane: wewe ulipokuwa na miaka 16, kuna safari uliyopangiwa ambayo ungeipanga mwenyewe? Niandikieni. Nikirudi tena kimya, jueni ni ule msimbo wa mwenzetu aliyeacha kazi.